Shule ya masista inafundisha nini? Madarasa ya chini, kipindi cha dini na Komunyo ya Kwanza

Fomu za kujiunga zinapoanza kutolewa mwishoni mwa mwaka, maswali ya wazazi wa Tabora huwa yaleyale. Mmoja anataka kujua kama mtoto akimaliza darasa la pili kwa masista atakuwa ameshapokea Komunyo, yaani mkate wa Ekaristi kwa mara ya kwanza. Mwingine, mkazi wa Ng'ambo na Muislamu wa kuzaliwa, anauliza kwa sauti ya chini kama mwanawe atabatizwa bila yeye kuambiwa. Wa tatu hana shida na dini yoyote, anachotaka ni Kiingereza tu. Wa nne amesikia kwamba shule za Kanisa zina mtaala wao wenyewe, mgumu kuliko wa serikali, na ndiyo maana ada ni kubwa.

Wote wanne wanazungumzia shule moja, ila kila mmoja ameshika kipande chake. Ndani ya shule ya Kikatoliki kuna mambo manne yanayokwenda pamoja na ambayo kwa nje yanaonekana kitu kimoja: mtaala wa taifa, kipindi cha dini, mafundisho ya sakramenti, na malezi ya kila siku. Kila moja lina mwenyewe. La kwanza ni la serikali. La pili linatoka kwa Kanisa lakini linafundishwa shuleni. La tatu ni la parokia, hata pale katekista, mwalimu wa dini wa parokia, anapoazimwa darasa la kufundishia. La nne halina kitabu. Mzazi asiyeyatenganisha anaweza kulipia hili akitarajia lile, na ugomvi mwingi ninaousikia kwenye vikao vya wazazi unaanzia hapo.

Shule ipi hasa ni ya Kikatoliki

Jina la mtakatifu juu ya geti halitoshi. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 803, inasema shule ni ya Kikatoliki ikiwa inaongozwa na mamlaka ya Kanisa au na taasisi ya Kanisa yenye hadhi ya kisheria, au ikiwa mamlaka hiyo imeitambua kwa maandishi. Kanuni hiyo hiyo inakataza shule kujiita ya Kikatoliki bila idhini. Kwa lugha ya mtaani: mmiliki ni jimbo, parokia au shirika la watawa. Mfanyabiashara Mkatoliki mwenye rozari mfukoni anaweza kufungua shule nzuri akaiita jina la Bikira Maria, na bado ikabaki shule ya mtu binafsi.

Kwa Tabora na Kigoma mambo yanazidi kuchanganya kwa sababu ya historia. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers, shirika lililoanzishwa na Charles Lavigerie kule Algiers mwaka 1868, walifika Tabora mwaka 1878 na kufungua kituo Ujiji mwaka 1879. Miongoni mwa wanafunzi wao wa mwanzo walikuwa yatima na watoto waliokombolewa utumwani, kwenye njia ileile ya misafara iliyounganisha Ujiji, Tabora na pwani. Kuanzia hapo kila misheni ilizaa shule, na shule ikazaa shule nyingine vijijini chini ya makatekista. Tabora ikawa na Kipalapala, yenye seminari kuu na kiwanda cha uchapaji kilichosambaza vitabu vya sala na katekisimu nchi nzima. Ikawa pia na St. Mary's, ambako Julius Nyerere alifundisha aliporudi kutoka Makerere.

Halafu ikaja Sheria ya Elimu ya 1969, na serikali ikachukua shule za mashirika ya dini. St. Mary's leo ni Milambo. Shule nyingi za msingi zilizokuwa za misheni zimebaki palepale, ukuta kwa ukuta na kanisa, lakini ni za serikali na hazitozi ada. Mikononi mwa Kanisa zilibaki hasa seminari na chekechea za parokia. Shule za msingi za Kanisa tunazoziona sasa, zenye sare za kupendeza na basi la njano, nyingi ni za baada ya sera ya 1995 iliyofungua mlango kwa shule binafsi. Kwa hiyo babu anayesema "hata mimi nilisoma kwa mapadri" na mjukuu anayesoma kwa masista leo hawazungumzii shule ya aina moja. Ya babu ilikuwa karibu shule pekee iliyopo. Ya mjukuu ni chaguo, na ina risiti.

KKK ni zilezile

Hapa ndipo mzazi wa nne anapokosea. Mtoto wa darasa la kwanza kwa masista anafuata mtaala wa Taasisi ya Elimu Tanzania kama mwenzake wa shule ya serikali. Tangu 2015 madarasa mawili ya kwanza yamejengwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, baada ya nchi kushtuka kwamba watoto wanafika madarasa ya juu bila kujua kusoma. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 haukuiondoa nguzo hiyo. Umeongeza mambo pembeni yake, ikiwemo Kiingereza kuanzia darasa la kwanza badala ya la tatu.

Kusoma siku hizi hakuanzi kwa kuimba "a, be, che, de". Kunaanza na sauti. Mtoto anajifunza irabu tano, kisha anapewa konsonanti moja na kuiunganisha na kila irabu: ma, me, mi, mo, mu. Ukiangalia vizuri utaona utajiri uliopo hapo. Kwa konsonanti moja na irabu tano mtoto tayari anasoma mama, mimi na umeme. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo akishazikamata silabi anaweza kusoma hata neno ambalo hajawahi kulisikia. Ugumu unaanza zinapoingia herufi zilizoshikana: mba, nda, nya, sha, halafu mbwa na ngwa. Wengi wanakwama kwenye ng'ombe na ngoma, kwa sababu kitenganishi ni alama ndogo ambayo mtoto wa miaka sita anaiona kama doa la wino.

Kanda yetu ina shida yake ya ziada, na ningependa wazazi waijue wasije wakamwona mtoto mzito. Kinyamwezi hakina sauti ya r. Kiha nacho kinaegemea r, na l ni ngeni kwake. Basi darasa la pili Tabora, kwenye imla, utakutana na "balabala" na "kalatasi", na Kasulu utakutana na "mwarimu" na "kurara". Mtoto hajakosea kusikia. Anaandika sawasawa na anavyosikia nyumbani, na kwa njia ya sauti hilo ni jambo la heshima. Mwalimu mzuri hamzomei. Anaweka picha mbili, ya kula na ya kura, anawafanya watoto watamke huku wakiangalia ulimi wa mwenzao, na anarudia wiki hata wiki. Mwalimu mbaya anaweka alama ya kosa na kuendelea. Wote wawili unaweza kuwakuta kwenye shule yenye msalaba, na wote wawili kwenye shule isiyo nao.

Kuhesabu kunakwenda kwa vitu kabla ya tarakimu: vijiti, vizibo vya soda, punje za mahindi. Mtoto anahesabu kumi, anafunga fungu kwa uzi, na hapo ndipo makumi na mamoja yanapoanza kuwa na maana. Asiyefunga mafungu ya kutosha darasa la kwanza ndiye utakayemwona darasa la tatu akijumlisha 27 na 15 na kupata 312. Ameandika mbili na moja kuwa tatu, saba na tano kuwa kumi na mbili, akaziweka pamoja. Hajui kwamba ile kumi ilitakiwa kuhamia kwa wenzake.

Kuna jambo moja ambalo shule za masista zimelipa uzito kuliko nyingi nyingine, nalo liko chekechea. Mashirika mengi ya watawa nchini yalichukua njia ya Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907. Katika darasa la namna hiyo mtoto wa miaka minne anapitisha kidole kwenye herufi iliyokatwa kwa msasa kabla hajashika penseli, anamimina maji kutoka jagi hadi jagi bila kumwaga, anafunga na kufungua vifungo kwenye fremu ya kitambaa. Kwa makumi na mamia kuna shanga: moja moja, ufito wa kumi, mraba wa mia. Wazazi wengine wanalalamika kwamba "wanacheza tu". Mimi naona mkono uliozoea jagi na vifungo unakuja kuandika vizuri zaidi, na mtoto aliyeishika mia kwa mikono yake haogopi hesabu. Ila kuita darasa Montessori ni rahisi, na vifaa ni ghali. Omba kuliona kabati kabla ya kuamini bango.

Kwa hiyo ada inalipia nini, kama kitabu ni kilekile? Kwa sehemu kubwa inalipia idadi ya watoto darasani, mwalimu anayefika kila siku, uji, basi na lugha. Ubatizo haumfanyi mtoto ajue hesabu za kutoa kwa haraka.

Lugha na sala

Watu wa Tabora wanaposema "shule ya masista" mara nyingi wanamaanisha shule ya Kiingereza, ingawa hayo ni mambo mawili. Shule nyingi za Kanisa zinazotoza ada zimechagua Kiingereza kwa sababu ndicho wazazi wanachonunua, siyo kwa sababu Kanisa linakidai. Matokeo yake madarasa ya chini yanakuwa magumu kwa namna ya pekee: KKK zinafundishwa kwa lugha ambayo tahajia yake haifuati matamshi, kwa mtoto ambaye nyumbani anasikia Kiswahili kwa mama na Kinyamwezi kwa bibi. Wengi wanavuka. Wanaovuka kwa shida ni wale ambao hakuna anayewasomea hadithi ya lugha yoyote jioni.

Kuna tokeo dogo ambalo halisemwi. Mtoto anasali kwa Kiingereza mstarini kila asubuhi, anajua Baba Yetu na Salamu Maria za Kiingereza bila kukosea, kisha jioni ya jumuiya, familia za mtaa zinapokutana kusali, anaombwa aongoze sala na anabaki kimya. Bibi anakasirika: masista wamemfundisha nini huyu? Wamemfundisha, ila kwa lugha ambayo jumuiya haiitumii. Shule zilizoliona hili zinasali kwa Kiswahili siku kadhaa za wiki. Kama ya kwenu haijaliona, dawa iko nyumbani kabla ya chakula cha usiku na haihitaji kikao.

Kipindi cha dini

Serikali inaacha nafasi ya dini kwenye ratiba, na yaliyomo yanaandaliwa na wenye dini yao. Kwa Wakatoliki wa madarasa ya chini yamekuwa yakizunguka mambo machache: Mungu aliyeumba, familia, sala, Yesu alizaliwa wapi na alifanya nini, na Kanisa kama nyumba ya watu wa Mungu. Mtoto anajifunza Ishara ya Msalaba (mkono wa kulia, na kulia kwenyewe kunachukua wiki), Baba Yetu, Salamu Maria, Atukuzwe Baba, sala kwa Malaika Mlinzi, sala kabla na baada ya chakula. Baadaye zinafuata Amri Kumi, Sakramenti Saba na Kanuni ya Imani. Kengele ya saa sita ikilia anasimama kwa ajili ya Malaika wa Bwana, hata kama alikuwa anakimbilia bomba la maji.

Hadithi za Biblia ndizo zinazowakaa zaidi. Nuhu na wanyama, Yosefu na kaka zake, Daudi na Goliati, kondoo aliyepotea. Mwalimu mwenye kipaji anaigiza, na darasa zima linakuwa mawimbi ya Galilaya. Watakatifu wa Afrika nao wana nafasi yao, hasa Kizito, mdogo kuliko wote kati ya Mashahidi wa Uganda wanaoadhimishwa tarehe 3 Juni. Alikuwa mvulana wa miaka kama kumi na minne, na walimu wa dini yake walikuwa White Fathers, shirika lilelile lililofika Tabora. Mtoto wa miaka saba anaweza kumfikiria Kizito. Padri wa Ulaya wa karne ya kumi na sita hamfikirii.

Halafu kuna mwaka wa Kanisa, ambao kwa maoni yangu ndio somo bora kabisa la kipindi hiki na halipewi sifa. Mtoto anajifunza kwamba muda una rangi. Majilio na Kwaresima ni zambarau, Noeli na Pasaka nyeupe, Pentekoste nyekundu, na siku nyingi zilizobaki ni kijani. Anapakwa majivu kwenye paji la uso Jumatano moja, anashika tawi Jumapili moja, anakwenda Njia ya Msalaba Ijumaa, anasali rozari Mei na Oktoba. Bila kujua anajifunza pia kalenda, mpangilio wa matukio, na kusubiri. Walioanza darasa la kwanza Januari 2025 walipata somo la ziada: walifundishwa kwamba Papa ni Fransisko, akafariki tarehe 21 Aprili, na tarehe 8 Mei akachaguliwa Leo wa kumi na nne. Chati ukutani ikabidi ibandikwe karatasi.

Ubishi mkubwa katika kipindi hiki ni kukariri. Katekisimu ya zamani ilikuwa ya maswali na majibu, na wazee wetu wanaweza kukujibu mpaka leo neno kwa neno. Walimu wa sasa wengi wanaona huo ni ukasuku. Mimi nasimama katikati, nikiegemea upande wa wazee kidogo. Miaka saba ndio umri wa kukariri. Anachokishika mtoto wakati huo hakimtoki, na maana inaweza kumfuata baadaye. Lakini isimfuate baada ya miaka ishirini. Sikiliza darasa likisali Baba Yetu kwa kasi: "utusamehemakosayetu" limekuwa neno moja refu lisilo na kosa wala msamaha ndani yake. Na "utuopoe maovuni" je? Mwalimu anayewauliza watoto wa Tabora nani amewahi kuona ndoo ikitumbukia kisimani, na nani aliiopoa, na kwa nini isingeweza kutoka yenyewe, amefundisha sehemu kubwa ya imani ya Kikristo kwa dakika tano. Anayewaambia "rudieni tena kwa sauti" amefundisha sauti.

Nje ya kipindi, shule nyingi zina Utoto Mtakatifu. Si somo, ni chama cha watoto cha Kipapa kilichoanzia Ufaransa mwaka 1843 kwa Askofu Charles de Forbin-Janson. Masharti yake ya awali yalikuwa mepesi: Salamu Maria moja kwa siku na sarafu moja kwa mwezi kwa ajili ya watoto wengine. Kanda yetu ina undugu nacho, kwa kuwa Protase Rugambwa, aliyekuwa Askofu wa Kigoma kuanzia 2008, alitoka huko mwaka 2012 kwenda Roma na kukabidhiwa urais wa Mashirika ya Kipapa ya Kimisionari, Utoto Mtakatifu ukiwemo. Sasa ni Kardinali na Askofu Mkuu wa Tabora. Watoto wanaovaa skafu zao Jumapili wana haki ya kumwona kama mtu wao.

Komunyo haiko kwenye ada

Sasa mzazi wa kwanza. Kipindi cha dini na mafundisho ya Komunyo ya Kwanza vinafanana mpaka mtu anadhani ni kitu kimoja, hasa sista akiwa ndiye anayefundisha vyote. Sivyo. Kipindi cha dini ni cha wanafunzi wa shule. Mafundisho ni ya waumini wa parokia, yana orodha yake, katekista wake, mahudhurio yake na mtihani wake wa mdomo, na mara nyingi yanafanyika Jumamosi au baada ya Misa. Mtoto wa shule ya serikali aliye kwenye mafundisho atapokea. Mwanafunzi bora wa dini kwa masista ambaye hakuandikishwa parokiani hatapokea.

Sheria ya Kanisa haitaji darasa, inataja akili. Kwa kanuni ya 97, mtoto akitimiza miaka saba anahesabiwa kuwa na matumizi ya akili. Kanuni ya 913 inataka awe na ujuzi wa kutosha na maandalizi mema, aelewe fumbo la Kristo kadiri ya uwezo wake. Umri huu mdogo una historia fupi. Kabla ya Papa Pius wa kumi kutoa tamko lake la Agosti 1910, sehemu nyingi za Ulaya watoto walisubiri mpaka miaka kumi, kumi na miwili au zaidi. Yeye ndiye aliyerudisha kipimo kwenye umri wa akili, akisema yatosha mtoto aweze kuutofautisha mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida.

Basi kwa nini hapa kwetu mtoto mara nyingi anafika darasa la tatu au la nne ndipo anapokea? Kwa sababu parokia zinataka muda mrefu wa mafundisho, na nadhani kuna urithi wa zamani humo. Lavigerie aliwaagiza wamisionari wake wasimbatize mtu mzima kabla ya miaka minne ya maandalizi, tofauti na desturi ya haraka iliyokuwepo kwingine. Kanda iliyolelewa na mashirika mengi lakini ikaanzwa na White Fathers imeendelea kuamini kwamba sakramenti haikimbiliwi. Mzazi anayeona dada yake wa mji mwingine ana mtoto aliyepokea akiwa mdogo zaidi asidhani wa kwake amecheleweshwa kwa uonevu.

Kanuni ya 914 inawataja wenye wajibu kwa mpangilio: wazazi na wanaoshika nafasi yao, kisha paroko, padri anayeongoza parokia. Shule haimo kwenye sentensi hiyo. Inaweza kusaidia, na shule nyingi zinasaidia sana, lakini paroko ndiye anayeamua nani yuko tayari. Kabla ya siku yenyewe mtoto anaungama kwa mara ya kwanza. Hili linawatisha wazazi kuliko watoto. Mtoto wa miaka minane anajua vizuri sana kwamba alichukua sukari akamsingizia mdogo wake.

Kwa upande wa karatasi, nenda ofisi ya parokia unayosali na cheti cha ubatizo cha mtoto. Kama alibatizwa Kibondo na sasa mnaishi Tabora, taarifa zake zimeandikwa kwenye kitabu cha parokia ya Kibondo, na kuzipata kunaweza kuchukua muda. Kama shule iko parokia nyingine na ile mnayosali, uliza mapema mtoto atafundishwa wapi na atapokea wapi. Shule inayofanya Komunyo kwa wanafunzi wake huwa imekubaliana na paroko, na wewe unastahili kuyajua makubaliano hayo kabla hujanunua gauni jeupe.

Ambao si Wakatoliki

Ujiji na Tabora ni miji ya zamani ya Waislamu, na shule za Kanisa za huku hazijawahi kuwa na watoto wa dini moja tu. Kwa mzazi wa Ng'ambo jibu ni fupi: hapana, habatizwi. Kanuni ya 748 inasema hairuhusiwi kamwe kumlazimisha mtu kuipokea imani Katoliki dhidi ya dhamiri yake, na Ibara ya 19 ya Katiba yetu inalinda uhuru wa imani. Padri anayembatiza mtoto mzima wa afya bila wazazi kujua amevunja sheria ya Kanisa lake mwenyewe.

Swali lenye uzito ni jingine: atafanya nini wakati wenzake wanasali? Hapa shule zinatofautiana. Nyingine zinamtaka kila mtoto ahudhurie kipindi cha dini kama somo la kawaida, akijua hadithi za Yusufu na Musa ambazo hata madrasa anazikuta. Nyingine zinamwacha afanye kazi maktaba. Mstarini kwa kawaida anasimama kimya kwa heshima. Salamu ya "Tumsifu Yesu Kristo" ataijua na pengine ataijibu kwa mazoea, kama Mkristo wa Ujiji anavyoitikia salamu za jirani zake. Mzazi ambaye hili linamkera afadhali aseme mapema. Shule ya Kanisa ina haki ya kuwa ya Kanisa, na yeye ana haki ya kwenda kwingine.

Malezi yenyewe, lile jambo la nne, ndiyo yanayowavuta wazazi wa dini zote, na ndiyo magumu kuyapima. Kufanya namba asubuhi, kucha kukaguliwa, kusema shikamoo bila kusukumwa, kuleta sabuni na chumvi za wagonjwa wakati wa Kwaresima, kukaa kimya dakika tatu kamili. Wengine wanayachanganya na ukali. Ukali si sehemu ya mtaala wowote, na kanuni za serikali za 2002 hazimruhusu kila mwalimu kushika fimbo: ni mwalimu mkuu au aliyemwidhinisha kwa maandishi, na adhabu inaandikwa. Wengine wanayachanganya na bweni. Hilo kwa madarasa ya chini limefungwa. Waraka wa Elimu namba 2 wa 2023 ulizuia bweni kuanzia awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, ili mtoto mdogo alelewe nyumbani. Masista waliokuwa wakipokea watoto wa miaka sita kutoka Uvinza na Sikonge ilibidi wawarudishe, na baadhi ya wazazi walilia kuliko watoto.

Mambo ya kuuliza kabla ya kulipa ni machache. Mmiliki ni nani: jimbo, parokia, shirika, au mtu? Darasa la kwanza lina watoto wangapi kwa mwalimu mmoja? Sala za mstarini ni za lugha gani? Mtoto asiye Mkatoliki yuko wapi wakati wa Misa ya shule? Na wakati wa Ramadhani, mtoto anayejaribu funga ya nusu siku anakaa wapi saa nne, wenzake wanapopanga foleni ya uji? Mwalimu mkuu anayejibu swali hilo la mwisho bila kufikiri ameshakutana nalo mara nyingi.